Arobaini, Gari la Marehemu na Macho ya Mama



Wasomaji wetu wapenzi, ukurasa huu ulikaa kimya majuma kadhaa, na wapo waliotuuliza kulikoni. Tulikuwa Kakamega, nyumbani kwa wazazi wetu. Kilichotupeleka kilikuwa jambo la furaha: tulikuwa tunatimiza miaka 40. Kilichotuweka huko kuliko tulivyokusudia ndicho tunachotaka kuwasimulia leo, maana tunadhani katika nyumba nyingi zinazosoma jarida hili yumo mtu anayehusika nacho.

Kwanza, hesabu. Tulizaliwa mwishoni mwa Agosti 1985, mwezi wa Mfunguo Tatu mwaka 1405 wa Hijra. Kwa kalenda ya ukutani, arobaini yetu ilifika Agosti 2025. Lakini mwaka wa Hijra ni mfupi kwa siku 11 hivi, na miaka 40 ya mwezi mwandamo hukamilika kabla ya miaka 39 ya jua. Tulipokaa na kuhesabu tuligundua kwamba arobaini yetu ya Kiislamu ilikwisha kupita tangu Mfunguo Tatu ya 1445, Juni 2024, katika siku zile za Idi Kubwa tulipokuwa jikoni tukigawa nyama. Ilipita mlangoni petu wala haikubisha hodi.

Sisi Waswahili tuna mazoea na nambari hii. Mzazi hukaa arobaini yake ndani. Mwizi naye, twaambiwa, ana siku zake arobaini. Nabii Musa, amani iwe juu yake, aliwekewa miadi ya siku arobaini, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa na umri wa miaka 40 alipojiwa na Wahyi katika pango la Hira. Na katika Suratul Ahqaf, aya ya 15, umri huu umetajwa waziwazi. Ukiisoma aya ile utaona kwamba haianzi na arobaini. Huanza na wazazi: mama aliyebeba mimba kwa taabu na kuzaa kwa taabu, na ile miezi 30 ya kubeba na kunyonyesha. Kisha ndipo mtu hufikia arobaini na kumwomba Mola wake amwezeshe kushukuru neema aliyopewa yeye na waliyopewa wazazi wake, atende mema, na atengenezewe kizazi chake. Aya hii tumeisoma mara nyingi. Mpangilio wake hatukuwahi kuuzingatia.

Na tuseme kweli: hatukwenda Kakamega kwa ajili ya aya hiyo. Tulikwenda kwa ajili ya gari.

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa Mwanga wa upande wa Mumias, ambako Uislamu ulifika katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani. Mama yetu ni mzaliwa wa Majengo, Mombasa, aliyekubali kuolewa bara wakati jamaa zake wakiamini kwamba Kakamega ni mwisho wa dunia. Baba alikuwa dereva wa Peugeot 504, ile ndefu yenye safu tatu za viti na gea ubavuni mwa usukani. Alibeba abiria kutoka Kakamega kupitia Chavakali, Kapsabet na Nakuru hadi Nairobi, na kurudi usiku. Vijana wa leo huenda wasijue gari hilo lilikuwa nini kwa watu wa magharibi mwa Kenya. Lilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata likachaguliwa gari bora la mwaka barani Ulaya. Lakini heshima yake ya kweli lilikuja kuipata huku, katika matope na vumbi. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalikuwa ndiyo mtihani wake. Peugeot 504 ilishinda mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Kabla yake, ndugu yake mkubwa, Peugeot 404, alikuwa ameshinda mara nne, zikiwemo mbio za mwaka 1963 na 1968, ambazo kila moja ilimalizwa na magari saba tu. Baba alizisimulia Safari hizo kama mtu anayesimulia vita vya ukoo wake. Akimsifu mtu alisema: yule ni gari la kumaliza.

Mpira nao ulikuwa sehemu ya gari hilo. Siku ambazo hakuwa na safari, alitupakia sisi na kaka yetu tukaenda uwanja wa Bukhungu, naye njiani akatueleza habari za Joe Kadenge, mchezaji aliyemtazama katika ujana wake. Na kila alipomtaja Kadenge, mama alimjibu kwa kumtaja Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyelifanya jina la Kadenge lijulikane hata na waliokuwa hawajapata kukanyaga uwanjani. Mbotela alikuwa mzaliwa wa Freretown, Mombasa, na kwa mama hilo lilitosha. “Miguu ni yenu,” alimwambia baba, “lakini sauti ni yetu.” Huo ndio uliokuwa utani wao wa miaka mingi. Kadenge alifariki tarehe 7 Julai 2019, na Mbotela tarehe 7 Februari 2025. Baba aliondoka baina yao.

Tangu hapo gari lilikaa chini ya mparachichi nyuma ya nyumba. Mvua ya Kakamega haina mchezo. Hunyesha karibu kila alasiri, na mara nyingine huja na mawe. Kutu ilianza milangoni, ukungu ukaota kwenye vioo, kuku wakaingia kwa dirisha lisilofunga. Kila tulipokwenda tuliona haya. Basi, arobaini ilipokaribia, tuliazimia kujipa zawadi: tungelifufua gari la baba. Tulikuwa tumeweka akiba kidogo kidogo kwa miaka mitatu, ya fundi wa injini, ya vipuri na ya rangi. Hatutaficha kwamba tulishajiona tukiliendesha mjini siku ya Idi, watu wakigeuka kutazama. Tangu mwaka 2003 yako mashindano ya Safari ya magari ya kale, na watu hutoka nchi za mbali kuja kuyaendesha magari yenye umri kama wetu au kutuzidi. Tulijiambia: ikiwa gari la miaka 50 lasifiwa hivyo, basi na mtu wa miaka 40 ana tumaini.

Hiyo ndiyo mizaha ya arobaini. Mtu huanza kuhesabu umri wa watu mashuhuri kama anayetafuta wakili wa kumtetea. Eliud Kipchoge, aliyezaliwa Novemba 1984, mwaka 2025 alikuwa angali akikimbia. Muhammad Ali alipigana pambano lake la mwisho Desemba 1981, mwezi mmoja na siku chache kabla ya kutimiza 40, na akashindwa. Kadenge mwenyewe, ambaye jina lake lilipigiwa kelele na nchi nzima, baadaye aliendesha teksi Nairobi kutafuta riziki, kama baba yetu tu. Makofi hukoma. Tuliyatafakari hayo tukidhani kwamba tunajitafakari sisi wenyewe, na kwa kweli tulikuwa tukijitafakari sisi tu.

Ijumaa, tarehe 22 Agosti, nyumba ilijaa. Harambee Stars walikuwa Kasarani wakicheza na Madagascar robo fainali ya CHAN, na kila mtoto wa jirani aliletwa na kelele za televisheni yetu. Mama alikaa kitini pake kidogo, kisha akasema aletewe redio yake chumbani. “Mpira wa kutazama una zogo,” alisema. “Mimi ni mtu wa redio.” Tulicheka, tukasema mama anamlilia Mbotela wake. Stars walitoka sare ya bao moja kwa moja, wakaondolewa kwa mikwaju ya penalti, na usiku ule huzuni yetu yote ilikuwa ya mpira.

Asubuhi yake fundi alikuja kulikagua gari. Kaka alifungua boneti, sisi tukashika daftari la bei. Mama akatoka kwa mlango wa jikoni, mkono mmoja ukiupapasa ukuta, akaja hadi karibu nasi, akaweka kiganja juu ya bati.

“Mmeshalipaka rangi tayari?” akauliza. “Naliona jeupe lote.”

Wasomaji wetu, gari lile ni la buluu. Pale penye kutu ni la hudhurungi, na penye ukungu ni la kijani. Jeupe halikuwa hata siku moja.

Hakuna aliyejibu. Fundi alitazama chini. Aliyezungumza ni binti wa kaka, mtoto wa miaka tisa, kwa sauti ya mtu anayesema jambo linalojulikana na wote: “Bibi haoni. Mimi ndiye humsomea namba za simu.” Tukamwuliza tangu lini. Akasema tangu alipokuwa darasa la pili. Akaongeza kwamba bibi akisoma Qur'ani huwa ameushika msahafu tu, lakini husoma kwa moyo, na wakati mwingine ukurasa uliofunguliwa si wa sura anayoisoma.

Tulimfuata mama chumbani. Hatukuwa na la kusema isipokuwa kuuliza kwa nini alituficha. Alitujibu kwa utulivu ambao ulituumiza kuliko lawama. “Ninyi mna karo za watoto. Na fedha mlizokuwa nazo mlisema ni za gari la baba yenu. Ningesemaje?”

Waswahili husema kuishi kwingi ni kuona mengi. Mama yetu alikuwa ameishi kwingi, na sisi tuliokaa naye meza moja likizo baada ya likizo hatukuona kwamba haoni. Tulipajua kila mahali penye kutu kwenye gari lile. Tuliijua kila sauti ya injini yake. Lakini mkono wa mama ukutani tuliuona tukaita uzee, na redio tukaiita mapenzi ya zamani, na chumvi iliyozidi mchuzini tukaifanyia mzaha.

Jumatatu tulimpeleka hospitali. Daktari alimpima akatuambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tunaeleza hapa alivyotueleza, kwa faida ya kila mwenye mzazi. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, mna lenzi iliyo angavu kama kioo. Kadiri umri unavyoenda lenzi hiyo huweza kuingia ukungu, polepole, bila maumivu, na ndiyo maana mgonjwa huzoea na jamaa zake wasitambue. Dalili zake ni kuona kama kuna moshi, rangi kufifia, taa za magari usiku kuchoma macho, na kubadili miwani kusisaidie. Hakuna dawa ya kunywa wala ya matone inayouondoa ukungu huo. Wale wanaouza chupa sokoni kwa ahadi hiyo wanauza maji. Tiba yake ni upasuaji: lenzi iliyoharibika hutolewa na kuwekwa ya kutengenezwa. Mara nyingi kazi huchukua chini ya saa moja, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kwa kawaida hufanywa jicho moja kwanza, kisha jingine baadaye.

Akiba ya rangi ya gari ikawa ada ya jicho la kulia. Hapo hapakuwa na mjadala. Mjadala ulikuja katika jicho la kushoto. Kaka alisema liuzwe gari lenyewe, kwa kuwa palikuwa na mtu wa Nairobi, mpenzi wa magari ya kale, aliyekuwa ametoa shilingi 240,000 kwa hali lilivyo. Sisi tulisita. Kulikarabati gari la marehemu ni jambo moja, kumkabidhi mgeni usukani alioushika baba ni jambo jingine. Tukaenda kumtaka ushauri sheikh wa msikitini, tukitaraji atatwambia habari za subira. Yeye akauliza swali moja tu: “Gari hilo ni la nani?”

Tukasema ni la baba. Akasema baba yenu hana gari, maiti hamiliki. Je, mlirithishana? Tukanyamaza. Baba hakuacha deni wala wasia, na wazazi wake walikwisha kutangulia. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi, ya kufanywa mkekani: mke aliyeachwa na watoto hupata thumni, sehemu moja ya nane, kinachobaki ni cha watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke. Katika 240,000, mama ana 30,000, kaka 140,000, na sisi 70,000. Miaka yote hiyo tulikuwa tukipanga kulipamba gari ambalo sehemu yake ni mali ya mama, wala hatukumwuliza hata rangi aitakayo. Tuliliita pendo. Sheikh hakulipa jina, lakini alitutazama kwa namna ambayo tulielewa kwamba mirathi inayocheleweshwa kwa mapenzi bado imecheleweshwa.

Kaka nasi tulikubaliana palepale kutoa katika mafungu yetu gharama ya jicho la pili, na mama alifahamishwa kwamba thumni yake ni yake, aitumie apendavyo, na asiitumie kwa ajili yetu.

Upasuaji wa kwanza ulifanyika kwa salama, alhamdulillahi. Kesho yake muuguzi aliondoa bandeji. Mama alifumba na kufumbua mara kadhaa, akatazama dirisha, akatazama mikono yake, kisha akatutazama sisi na kaka tuliosimama mbele yake kama watoto waliovunja chungu. Alitutazama kwa muda mrefu.

“Yarabi,” akasema, “kumbe na ninyi mmeota mvi.”

Hiyo ndiyo sherehe tuliyofanyiwa ya kutimiza miaka 40, na hatuombi nyingine. Tuliingia arobaini tukijiona wazee, tukiusikitikia ujana wetu na kuutafutia wenzi miongoni mwa mabondia na wakimbiaji. Kumbe palikuwa na mtu ambaye machoni pake tulikuwa bado ni vijana kwa sababu tu hakutuona tukizeeka. Dua ya arobaini inaanza na shukrani ya neema walizopewa wazazi. Sasa twafahamu kwamba haiwezekani kushukuru usichokitazama.

Tuliporudi nyumbani, mama alikwenda moja kwa moja hadi chini ya mparachichi. Alilizunguka gari lote. Tulidhani atalia. Alicheka. “Hili ndilo mlilokuwa mkililia?” akasema. “Baba yenu angeliona lilivyo angelisema lipelekwe likafanye kazi. Uzeni.” Kisha akainama dirishani, akainua kidole. Kwenye kiti cha nyuma, mahali pale tulipokaa tukienda Bukhungu, kuku alikuwa ameatamia mayai. Mama akatoa hukumu yake ya mwisho kama mmiliki wa thumni: gari halitoki hapo mpaka vifaranga viangue. Yule bwana wa Nairobi alipigiwa simu, akaelezwa sababu, naye kwa heshima zake akakubali kungoja.

Tunapoandika haya, vifaranga vimeshatoka na gari limeshapakiwa kwenye lori. Siku ya kuondoka kwake tulisimama barabarani mpaka likapotea, na hatusemi kwamba haikuuma. Jicho la kushoto limepangiwa mwezi ujao, inshaAllah. Mama amerudi kuufungua msahafu kwenye ukurasa anaousoma, na binti wa kaka analalamika kwamba kazi yake ya namba za simu imekwisha.

Wasomaji wetu, hasa ninyi mlio karibu na umri huu, mnaobeba watoto mkono mmoja na wazazi mkono wa pili: mwendapo kuwazuru, msiwaulize tu kama wazima, kwani watasema wazima. Wapeni kitu wasome. Waulizeni rangi ya kanga mliyovaa. Na kama kuna mali ya marehemu iliyokaa bila kugawanywa, iwe nyumba, shamba au gari bovu chini ya mti, ulizeni lile swali la sheikh kabla ya kuulizwa ninyi.

Tuombeeni kwa jicho la pili, nasi twawaombea. Tukutane juma lijalo, inshaAllah.

Wabillahi tawfiq.